Bomba gumu au mpira? Kuunganisha tangi la samaki na tangi la chini

Nitaanza na jibu, maana najua kuna mtu anasoma haya akiwa amesimama dukani na fundi anamsubiri nyumbani. Njia ya kushusha maji kutoka tangi la samaki kwenda tangi la chini, weka bomba gumu la PVC. Njia ya kupandisha maji kutoka kwenye pampu, anza na kipande kifupi cha mpira, halafu endelea na bomba gumu mpaka juu. Kama tangi lako ni dogo na chujio lako ni lile la kopo linalokaa kabatini, mpira peke yake unatosha, usijisumbue na gundi. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Wengine tuendelee na sababu, kwa kuwa kabati lako huenda halifanani na langu.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Ndani mna mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wa rangi nzuri na tabia mbaya, wanaochimba mchanga kutwa kama wamepewa tenda. Chini, ndani ya kabati, kuna tangi la pili lenye sponji na pampu. Maji hushuka yenyewe kwa uzito wake, kisha pampu huyarudisha juu. Mabomba yake nimeyafunga mara tatu. Mara ya kwanza nilitumia mpira kila mahali, kwa sababu ulikuwa rahisi na haukuhitaji msumeno. Mara ya pili nilikimbilia upande wa pili kabisa, bomba la PPR tupu, lile la kijani la kuchomelea. Mara ya tatu nilichanganya, na ndivyo lilivyo hadi leo.

Kipimo kinachodanganya

Kabla ya kulinganisha lolote, jua kwamba vitu hivi viwili havipimwi mahali pamoja. Mpira hupimwa kwa ndani: ukinunua mpira wa milimita 25, tundu lake ni milimita 25. Bomba gumu hupimwa kwa nje, na unene wa ukuta hutolewa humohumo. Bomba la PVC la shinikizo la milimita 25 hubakiwa na tundu la kama milimita 21. PPR ya 25, ile nene ya daraja la PN20, ina ukuta wa milimita 4.2 kila upande, kwa hiyo tundu linalobaki ni milimita 16.6 tu. Piga hesabu ya eneo: tundu hilo halifiki hata nusu ya tundu la mpira wa 25. Kaunta ya dukani haikuambii hayo. Utaulizwa "ishirini na tano au thelathini na mbili?" utajibu, utalipa, utaondoka.

Tuseme unataka lita 2,000 kwa saa. Kwenye mpira wa tundu la 25, msuguano hula takribani sentimita 6 za kimo cha kusukuma (mafundi huita hedi) kwa kila mita ya safari. Kwenye PVC ya 25 hula kama sentimita 14. Kwenye PPR ya 25 hula kama sentimita 45. Mita moja tu hiyo! Safari ya mita 2 ndani ya PPR inakugharimu karibu sawa na kupandisha maji mita moja zaidi. Ndiyo maana mara ya pili, baada ya kazi yote ile ya kuchomelea, maji yalitoka juu kama mtu anayemimina chai. Nililaumu pampu kwa wiki mbili. Pampu haikuwa na kosa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mpira unapitisha maji vizuri kuliko bomba, au kinyume chake, muulize kwanza tundu ni milimita ngapi. Ukilinganisha tundu kwa tundu, bomba la PVC ni laini ndani na halitofautiani sana na mpira ulionyooka. Ukiamua kwenda na bomba gumu, panda saizi moja juu ya mdomo wa pampu. Mimi pampu yangu ina mdomo wa 25, nimefunga PVC ya 32.

Mpira nao una ujanja wake. Kuunga mpira na kitu kingine unahitaji kiungo kifupi chenye meno kiitwacho nipo, na nipo hiyo huingia ndani ya mpira, hivyo tundu lake ni dogo kuliko la mpira kwa unene wa kuta zake. Nipo mbili njiani ni mibano miwili. Si balaa, kwa kuwa ni fupi, lakini mpira wa 25 uliojaa viungo si wa 25 tena.

Kona

Elbo ya kawaida ya digrii 90 hula nguvu sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa kama mara 30 ya tundu lake. Kwa tundu la 25 hiyo ni sentimita 75 za bomba la hewani ambalo hukulinunua lakini pampu inalilipia. Kabati la kawaida lina elbo 3 au 4 kabla maji hayajaona tangi. Hapa mpira unashinda waziwazi, maana unapinda kwa upole, na pindo pana la upole hula nusu ya elbo au chini ya hapo.

Lakini pindo liwe pana kweli. Mpira mwembamba usio na nyuzi, ule unaoonyesha ndani, ukiulazimisha kona fupi hujikunja na kubonyea kama mrija wa soda. Ukiugusa unauona umekuwa bapa. Wenye nyuzi zilizosukwa ndani ya ukuta huvumilia zaidi, na ule wa kufyonzea wenye waya au plastiki ya mviringo haubonyei kabisa, ila ni mnene, mkaidi, na mwingine una mabonde ndani yanayoshika uchafu. Kabati likiwa jembamba, mpira mkaidi huo utakusukumia pampu kutoka mahali pake. Katika nafasi finyu elbo mbili za PVC zilizobanana hukaa pale unapozitaka na haziendi popote.

Njia ya kushuka

Hapa sina mjadala. Maji yanayoshuka hayana pampu nyuma yake, yana uzito tu, na yanashuka yakiwa yamebeba hewa. Mpira ukilegea katikati unafanya bonde. Maji yanakaa bondeni, hewa inakwama juu yake, halafu kinatoka kile kishindo cha kugugumia kila sekunde chache: *gluk… gluk… gluk…* Sebuleni saa tano usiku utakisikia mpaka chumbani. Kwangu bonde hilo lilikusanya pia mchanga wa mbuna, na siku nilipoufungua mpira niliukuta umejaa robo.

Bomba gumu lililonyooka, lenye mwinamo wa kudumu kwenda chini, halina bonde. Pia linabeba valvu bila kuning'inia. Kama unataka njia ya kushuka inayokaa kimya, ile inayojaa maji tupu bila hewa, unahitaji valvu ya kurekebisha kidogo kidogo, na geti valvu ya gurudumu inafaa kuliko ile ya kishikio cha robo mzunguko, kwa sababu ya pili ukiigusa kidogo maji yanabadilika sana. Geti valvu ina uzito wake. Ifunge kwenye mpira uone inavyouvuta.

Na ukiweka njia ya namna hiyo, usikose bomba la pili la dharura pembeni yake, wazi, lisilo na valvu. Konokono mmoja au jani moja likiziba la kwanza, maji yana pa kwenda pengine tofauti na sakafuni.

Kelele na mtikisiko

Pampu hutetemeka. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bomba gumu, bomba linabeba mtetemo hadi kwenye kabati, kabati linaupokea kama ngoma, na nyumba nzima inajua una pampu. Hiki ndicho kilichonirudisha kwenye mpira. Kipande cha sentimita 20 hadi 30 kati ya pampu na bomba kinaumeza mtetemo wote. Weka mkono juu ya PVC baada ya kipande hicho, hutahisi kitu.

Mpira wa silikoni ndio laini kuliko yote na unafaa sana hapo, ingawa bei yake ni ya juu na hujikunja upesi. Kwa kipande cha sentimita 20 bei haiumizi.

Kuvuja: nani anavuja, na vipi

Hapa tofauti si nani anavuja zaidi. Tofauti ni namna ya kuvuja. Kiungo cha gundi kibovu huvuja siku ya kwanza, tone kwa tone, mbele ya macho yako, ukiwa bado una kitambaa mkononi. Mpira huvuja mwaka wa pili, usiku.

Wangu ulichomoka alfajiri ya siku ya joto. Klipu za chuma za skrubu nilizikaza vizuri mwanzoni, nikazisahau. Mpira ulilainika kwa joto la kabati, ukapungua unene pale ulipobanwa, klipu ikabaki inashika hewa. Nilishuka kitandani, nikakanyaga zulia, likaniitikia kwa maji. Pampu ilikuwa imemwaga tangi lote la chini na inazunguka kavu inapiga kelele. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza swali moja tu: "Baba watoto, hili zulia nalo ni la samaki?"

Tangu hapo kila mpira nilionao una klipu mbili, skrubu zimeelekezwa pande tofauti, na nazikaza upya kila ninaposafisha sponji. Kwa tangi la maji ya chumvi usitumie za chuma hata zikiandikwa hazishiki kutu; kwa chumvi nyingi hushika. Tafuta za plastiki.

Gundi ya PVC si gundi kwa maana ya kubandika. Inayeyusha uso wa bomba na uso wa soketi (mdomo wa kiungo unaoingiziwa bomba), vikakamatana vikawa plastiki moja. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni huohuo: ukikosea huchomoi, unakata. Fundi aliyenifungia mara ya tatu alinionyesha kitu ambacho sikukijua. Aliunganisha kila kitu kikavu kwanza, bila gundi, akachukua kalamu ya wino akachora mstari mmoja unaovuka kila kiungo, nusu kwenye bomba nusu kwenye elbo. "Ukipaka gundi una sekunde chache tu, bosi," akasema. "Utaanza kukumbuka elbo ilikuwa inaangalia wapi?" Akatenganisha vyote, akapitisha msasa, akafuta, akapaka pande zote mbili, akasukuma bomba huku akilizungusha robo mzunguko mpaka mistari ikakutana, kisha akashikilia kama nusu dakika. Usiposhikilia, kiungo hujirudisha nyuma chenyewe.

Jambo moja zaidi alilonitahadharisha: bomba kavu haliingii mpaka mwisho wa soketi, likipakwa gundi ndipo linapozama. Ukipima urefu kwa mkao wa kikavu, mwisho wa kazi kila kitu kitakuwa kifupi kwa sentimita moja au mbili. Pima kina cha soketi kwa rula.

Acha saa 24 kabla ya kuweka maji, fungua madirisha, na zungusha maji ya kwanza kisha uyamwage kabla ya samaki. Harufu ya gundi ikiwa bado ipo, bado.

Kidogo kuhusu PPR

Wengi wetu tunaifikiria kwa sababu ndiyo mafundi wa majumbani wanayoijua, na mashine ya kuchomelea kila mmoja anayo. Inashikana vizuri mno. Chuma cha mashine huwekwa kama nyuzijoto 260, bomba la 25 linapashwa sekunde 7, la 32 sekunde 8, unasukuma bila kuzungusha, basi. Ukizidisha muda, plastiki inayoyeyuka hujikusanya ndani na kuzidi kubana tundu ambalo tayari ni dogo, na kwa nje huoni kitu.

Tatizo langu kubwa na PPR ni viungo vyake vya nyuzi, vile vya kuzungushwa kama skrubu. Vina shaba nyeupe au ya njano ndani, na shaba ni sumu kwa uduvi, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo. Kwa mbuna sikuona madhara, lakini mwenye maji ya chumvi asiisogelee. PVC ina viungo vya nyuzi vya plastiki tupu. Ukivitumia, zungusha ile tepu nyeupe ya mafundi, kaza kwa mkono na nusu mzunguko wa spana, usiongeze. Plastiki yenye nyuzi ikikazwa sana hupasuka kimyakimya.

Unachonunua hasa

Bomba la PVC la shinikizo la maji ya kunywa, siyo lile la kupitishia waya za umeme. Yanafanana na hukaa rafu moja, na la waya ni rahisi, lakini halikutengenezwa kubeba maji wala soketi zake hazilingani na viungo vya maji. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6 na maduka mengi hayakati. Kwa kabati moja unahitaji mita 3 hivi, kwa hiyo kabla ya kununua zima muulize fundi yeyote anayemaliza kazi ya nyumba, mabaki yake ndiyo mradi wako wote.

Mpira unakatwa kwa mita. Epuka ule wa kijani wa bustani. Haukutengenezwa kwa maji yanayonywewa, na samaki wanaishi ndani ya maji hayohayo siku zote. Wenye alama ya chakula au maji ya kunywa ndio wa kuchukua. Unaoonyesha ndani unapendeza siku ya kwanza, lakini mwanga ukiingia mwani huota ndani yake, na ndani ya miezi michache una mrija wa kijani usiosafishika bila brashi ndefu. Ndani ya kabati lenye giza si shida. Nyuma ya tangi karibu na taa, chukua mweusi. Mpira wa vinili pia hukakamaa kadiri unavyozeeka. Ukiubinya ukasikia umekuwa kama kwato, ubadilishe kabla haujachagua siku yenyewe.

Usisahau yunioni, kile kiungo kinachofunguliwa na kufungwa tena kwa mkono. Bomba gumu bila yunioni ni kifungo: siku pampu inahitaji kusafishwa itabidi ukate. Yunioni moja baada ya pampu, moja kwenye kila njia ya kushuka chini ya tangi, na bomba gumu linafunguka kwa mkono karibu kwa wepesi wa mpira. Hoja ya wapenda mpira kwamba bomba halifunguki inatoka kwa watu waliobania pesa ya yunioni.

Kuna pia lile bomba jeusi la kuviringishwa, la mashambani, ambalo si gumu wala si laini. Nililijaribu siku moja. Linakumbuka lilivyoviringishwa, kila ukilinyoosha linarudi kujikunja, na kabatini hilo ni vita.

Umeme ukikatika

Swali hili halihusu ugumu wala ulaini, lakini bomba gumu hulijibu vizuri zaidi. Pampu ikizima, maji ya juu hurudi chini kupitia njia ileile ya kupanda, kwa saifoni, mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Kwenye tangi langu kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Mdomo ukiwa umezama sentimita 5, lita 27 zinashuka, na juu yake maji yaliyokuwa njiani. Tangi la chini lazima liwe na nafasi hiyo tupu wakati wote.

Kwenye PVC unatoboa tundu dogo la milimita 4 au 5 sentimita moja tu chini ya uso wa maji, upande unaoelekea ndani ya tangi, na saifoni inakatika mapema. Bomba halisogei, tundu linabaki mahali pake. Mdomo wa mpira huinuka na kushuka kila mtu akifungua kabati, na wangu uliwahi kuteleza ukazama mpaka katikati ya tangi bila mimi kujua. Valvu ya kuzuia maji kurudi watu huitegemea mno. Konokono mdogo au chembe ya mchanga ikikaa kwenye mlango wake haifungi. Na tundu nalo lichokonolewe kila mwezi, mwani hulipenda.

Kabla hujaweka samaki, jaza maji, washa, acha yatulie, halafu zima swichi mwenyewe ukiwa umekaa sakafuni mbele ya kabati. Angalia maji yanavyopanda kwenye tangi la chini mpaka yasimame. Chora mstari hapo kwa kalamu ya wino. Kisha washa tena, acha yatulie, zima mara ya pili, uone kama mstari haujavukwa.